Springi ya Upande wa MmaTebogo

Siku ya Jumatatu, wiki ya kwanza ya likizo ya Agosti, Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Baraza la Wadhamini wa Gari la Mzee Seabelo ulifunguliwa rasmi nyuma ya nyumba, mbele ya umati uliohudhuria kwa nidhamu na utulivu wa hali ya juu. Mwenyekiti alipanda juu ya ndoo iliyofudikizwa, akasafisha koo, akawashukuru wajumbe kwa kuacha shughuli zao nyingi za kujenga taifa. Wajumbe walikuwa jogoo, mbuzi jike mwenye pembe moja, na tairi bovu. Mwenyekiti alikuwa Gorata, mwenye umri wa miaka kumi na sita. Kabla hajafika kwenye ajenda ya pili jogoo aliondoka, mbuzi akaanza kutafuna kumbukumbu za kikao kilichopita, na akidi ikavunjika.

Ilikuwa bado saa tatu asubuhi. Siku nzima ilikuwa imebaki mbele yake, haijaguswa.

Shuleni Gorata alikuwa mtu mwenye cheo. Bweni lake lilikuwa na wasichana arobaini, na hao arobaini aliwahi kuwaamsha alfajiri kwa kengele ya jikoni aliyoiazima bila mwenyewe kujua, wakapanga foleni na vikombe vyao kusubiri chai ambayo hakuna aliyeipika. Aliosha vyoo wiki mbili kwa ajili ya kengele ile, na hakujuta. Lakini mzaha ni kama moto, hauwaki bila kuni, na hapa kijijini kuni zilikuwa zimekwisha. Mama yake alikuwa muuguzi Gaborone, zamu za usiku, na kila Ijumaa alipiga simu kusema kwamba wiki ijayo atakuja. Wenzake aliocheza nao utotoni walikuwa wamehamia mjini, isipokuwa mmoja aliyeolewa na ambaye sasa alikuwa anaongea kama shangazi. Alikuwa amebaki Babu, Mzee Seabelo mwenyewe.

Na Babu alikuwa haongei. Hakuwa mkali wala hakununa. Alipika, akafagia, akakaa kwenye kiti chake ukutani mahali jua linapofika asubuhi, na maneno hayakuja. Jumapili Gorata aliyahesabu tangu kupambazuka hadi kulala. Yalikuwa kumi na moja, na matatu kati ya hayo aliambiwa mbuzi.

Gari lenyewe, lililokuwa chini ya udhamini wa baraza, lilikuwa pikapu iliyomzidi umri mama yake Gorata. Zamani ilikuwa ya kijani. Ilisimama nyuma ya nyumba, matako yake yamezama ndani ya ua wa minyaa, nayo ilikuwa imeinama upande wa kushoto kama mtu anayesikiliza siri. Ilikuwa na sababu. Upande wa kushoto ndiko alikokaa Bibi, ambaye kijiji kizima kilimwita MmaTebogo kwa jina la mwanawe wa kwanza. Alikuwa mwanamke mwenye mwili wa heshima. Kwa miaka thelathini na moja alipanda na kushuka upande ule, kwenda kanisani, kwenda shambani, na miaka ya mwisho kila Jumanne kwenda zahanati kwa ajili ya ugonjwa wa sukari, na springi za upande ule zililala kidogo kidogo mpaka zikawa bapa. Alipopanda, gari lilitoa sauti yake. Kwanza lililia kwa kuvuta, kriii, kisha likagonga mara moja, ko. Majirani walikuwa wakisema si lazima kuwa na saa. Springi ya MmaTebogo ikilia asubuhi ya Jumanne, ni saa mbili kamili.

Gorata aliijua sauti ile kutoka nyuma. Watoto hawakukaa mbele. Watoto walikaa nyuma pamoja na magunia na mbuzi.

MmaTebogo alizikwa Agosti ya mwaka uliopita, na tangu siku hiyo gari halikutoka. Kwa mila, mtu aliyefiwa na mwenzi wake ni wa moto. Hapiti katikati ya ng'ombe wala hakanyagi zizi mpaka mwaka utimie na aoshwe kwa dawa. Kwa hiyo ng'ombe wa Babu walikaa huko malishoni, mwendo wa saa tatu kwa gari, na mchungaji wa kuajiriwa, na Babu akakaa ukutani.

Sasa ifahamike kwamba Gorata hakuwa na nia mbaya. Nia yake ilikuwa ndogo sana. Jumatatu ileile, baada ya kuvunjika kwa akidi, saa kumi alasiri, alijipenyeza nyuma ya ua wa minyaa, akifumba jicho moja kwa kuogopa utomvu, akaweka miguu yote miwili kwenye ncha ya kushoto ya bampa. Mpango ulikuwa hivi: gari litalia, Babu atatoka akidhani mbuzi amepanda tena, yeye atalia kama mbuzi kutoka ndani ya ua, Babu atatafuta mbuzi, hatamwona. Alishaandaa mlio wenyewe, uko tayari kooni. Akakandamiza.

Kriii. Ko.

Hakuna aliyetoka. Gorata alisubiri. Upepo wa Agosti ulibeba vumbi uani, ukalirudisha. Alikuwa karibu kukata tamaa mlango ulipofunguliwa, na Babu akatoka akiwa na vikombe viwili vya bati vinavyotoa moshi.

Alitembea taratibu ili visimwagike. Akafungua mlango wa dereva, akaingia, akaweka kikombe kimoja juu ya dashibodi upande wa kushoto. Kile kingine akakishika kwa mikono miwili. Alikaa hivyo muda mrefu, kichwa kimeinama, kama mtu anayengoja kuitwa.

"Upepo umeanza," alisema hatimaye.

Gorata aliumeza mlio wa mbuzi. Ulishuka kwa shida.

Babu aliongea. Aliongea na kioo cha mbele, au na kiti, ilikuwa vigumu kujua kutoka nyuma. Alisema pampu ya kisima cha malishoni inavuta hewa. Alisema mwaka huu nyasi zimekauka mapema. Kisha akanywa chai yake, akashuka, akaingia ndani. Kikombe cha pili kilibaki juu ya dashibodi.

Gorata alikaa ndani ya minyaa mpaka miguu ikafa ganzi. Alikuwa amefanya mambo mengi maishani, lakini hajawahi kufanya jambo ambalo hakujua lichekewe wapi. Mwishoni alichukua kikombe kile akanywa, kwa sababu chai haitupwi. Ilikuwa chungu kama dawa, haina hata chembe ya sukari. Wazee husahau, aliwaza. Akakirudisha kikombe kitupu mahali pake.

Kesho yake alikusudia kuacha. Lakini siku ilikuwa ndefu, Babu alisema maneno manne mpaka mchana, na saa kumi ilipofika miguu ya Gorata ilikwenda yenyewe kwenye ua. Kriii. Ko. Na Babu akatoka na vikombe viwili. Safari hii aliongea habari za ndama mwekundu mwenye doa kwenye jicho la kushoto, ambaye alimwacha akinyonya na sasa bila shaka ni mtamba. Safari hii chai ilikuwa na vijiko vinne vya sukari, tamu ya kushika midomo, kama Gorata mwenyewe anavyoipenda.

Ikawa hivyo kila siku. Jumatano Babu alimaliza maneno mia mbili. Alhamisi yalipita mia nne, Gorata akapoteza hesabu. Alijua sasa mambo ya Babu ambayo hata mama yake hakuyajua: kwamba alipooa hakuwa na viatu, akaazima vya kaka yake, vikambana hata leo vidole vinakumbuka, kwamba haogopi kufa ila anaogopa kitu kimoja, na kitu chenyewe alikisema siku ya Ijumaa, kwa sauti ya chini hata Gorata akalazimika kusogeza sikio kwenye utomvu.

"Mwaka mzima hawajanisikia," Babu alisema. "Sijui kama watanijua."

Alimaanisha ng'ombe.

Jioni, mezani, Babu alirudi kuwa yule yule. Walikula uji mzito wa mtama na maziwa mgando, koroboi katikati yao, na kilichosikika ni vijiko tu. Gorata alitaka kumwuliza habari za vile viatu. Lakini habari za viatu vile hakuambiwa yeye, kiliambiwa kiti. Alijikuta akifanya jambo la aibu, jambo ambalo halikuwa na nafasi katika katiba ya baraza lolote: alikuwa anakionea wivu kiti.

Jumanne ya wiki ya pili, basi la kutoka mjini lilishusha mzigo mzito uliofungwa kwa gunia. Mjomba Tebogo alikuwa ametuma springi mpya za nyuma, pande zote mbili, pamoja na bolti na nati zake. Mwaka ungetimia Jumamosi. Wazee wangekuja kumwosha Babu, na Jumapili angekwenda malishoni. Fundi Mosweu alishaambiwa aje Alhamisi.

Gorata aliliangalia gunia lile kama mtu anavyoangalia barua ya mwalimu mkuu kwa mzazi. Hesabu yake ilikuwa fupi. Springi kuukuu zikitoka, sauti inatoka nazo. Sauti ikitoka, saa kumi inakuwa saa kumi tu. Na Babu anarudi kwenye maneno kumi na moja.

Aliwasilisha hoja jioni ile. Alimwambia Babu kwamba vitu vya kale havibadilishwi hovyo, kwamba nchi nyingine gari kama lile lingewekwa ndani ya jumba, watu wakalipa kiingilio, kwamba springi zile ni historia.

"Historia haibebi chumvi ya ng'ombe," Babu alisema. Akaongeza, "Gari lenye goti bovu halivuki mto wa mchanga."

Maneno kumi na matatu. Hoja ikaanguka.

Fundi Mosweu alifika Alhamisi asubuhi kwa baiskeli, kofia imeshuka mpaka kwenye nyusi, kisanduku cha spana kimefungwa nyuma kwa mpira. Alikuwa mtu mfupi aliyefanya kazi migodini ujana wake wote, na aliongea kwa sauti ya mtu anayedhani bado yuko chini ya ardhi. Alimwamkia Babu, akalizunguka gari, akapiga magoti, akachungulia.

"RraTebogo," alisema, akimwita Babu kwa jina la mwanawe, "hii si springi. Hii ni kandambili."

Akamtia Gorata kazini bila kuuliza. Walilegeza nati za magurudumu, wakapandisha nyuma kwa jeki, wakaweka magogo ya mti wa mopane chini ya chasisi, wakatoa tairi. Nati za chini zilikuwa zimeloweshwa dizeli tangu jana, hata hivyo ziligoma kama punda. Fundi aliingiza bomba refu kwenye mkono wa spana, akamwambia Gorata alining'inie.

"Ninginia, binti. Huko bweni hamlishwi? Mbuni ana uzito kukushinda."

"Nalishwa elimu, Fundi."

"Elimu haifungui nati."

Nati ilifunguka kwa kilio, na Gorata akakaa chini bila kutaka, na Fundi Mosweu akacheka mpaka kofia ikapanda. Walianza upande wa dereva. Springi ya kuukuu ilitoka, vyuma saba bapa vilivyobanwa kimoja juu ya kingine, kila cha chini kifupi kuliko cha juu yake. Mpya ikaingia, ikafungwa. Kisha wakahamia kushoto. Pini ya mwisho ilipigwa nyundo kwa zamu tatu kabla haijakubali. Springi ilipoanguka, Fundi aliivuta nje juani, akaiweka kando ya ile ya kulia.

Gorata hakutegemea kuona alichokiona. Springi ya upande wa Babu ilikuwa imechoka, lakini bado ina mgongo, bado imepinda kidogo kama upinde uliolegezwa. Ile ya MmaTebogo ilikuwa imelala kabisa. Chuma cha pili kilikuwa kimekatika zamani, na ncha zake mbili zilikuwa zimesuguana mpaka zikang'aa kama fedha.

"Huyu ndiye aliyekuwa analia," Fundi alisema, akigusa pale palipokatika. Akavua kofia. "Mama alikuwa mzigo wa kweli, Mungu amlaze pema. Hata mimi ningelia."

Babu alikuwa amesimama mlangoni. Aliziangalia springi zile mbili, akaingia ndani.

Mchana Fundi alikwenda kula kivulini. Hapo ndipo utekelezaji wa azimio namba moja la baraza, yaani kuichelewesha kazi, ulipofanyika. Nati nne za bolti za kushoto, zile kubwa zinazokumbatia ekseli, zilikuwa zimepangwa juu ya kitambaa. Gorata alipita hapo na bakuli. Aliporudi jikoni nati zilikuwa ndani ya mfuko wa unga wa mtama, chini kabisa, mahali ambapo kwa maoni yake hakuna fundi angepekua.

Fundi Mosweu alitafuta mpaka saa tisa. Alipekua kisanduku, mifuko yake, kofia. Alimkagua jogoo kwa macho.

"Kuku wa hapa wanakula chuma," alisema. "Ndiyo maana nyama yao haiivi."

Akasema atapata nyingine kijiji cha pili, atarudi kesho. Akaondoka kwa baiskeli, akaliacha gari juu ya magogo, upande mmoja hauna gurudumu. Gorata alijipongeza. Siku moja imeokolewa.

Saa kumi ilipofika alijipenyeza kwenye minyaa na kupanda bampa. Akakandamiza. Ilikuwa kama kukandamiza ngazi ya kanisa. Gari lililo juu ya magogo halina cha kuinama nacho. Uzito wote umelala kwenye kuni. Aliruka. Aliruka tena kwa miguu miwili. Gari halikujua kama kuna mtu. Na springi yenyewe, mwenye sauti, ilikuwa imelala ukutani juani, kimya kama chuma kingine chochote.

Mlango ulifunguliwa. Babu alisimama kizingitini, mikono mitupu. Aliliangalia gari kwa muda. Kisha akafunga mlango, pole pole.

Usiku ule Gorata alihesabu tena. Ilikuwa sifuri.

Asubuhi walikaa mezani. Babu alikuwa amepika uji, kama kila siku. Alijikatia kijiko cha kwanza, akakitia mdomoni, na kitu kikagonga jino. Aliutoa ulimi, akachukua nati kwa vidole viwili, akailamba ikawa safi, akaiweka mezani. Akala tena vijiko vitatu. Akatoa ya pili, akailamba pia, akaipanga pembeni mwa mwenzake.

Alikuwa haangalii mtu.

"Mbili ziko kwako," alisema.

Gorata alichimba bakuli lake. Zilikuwa humo.

Fundi Mosweu alipofika na nati za kijiji cha pili, Babu alimpa zile nne, zimeoshwa. Akamwambia kuku amezitapika.

"Nilijua," Fundi alisema, na hakuuliza zaidi.

Kazi iliyobaki ilikuwa fupi. Springi mpya ya kushoto ilipanda mahali pake, bolti zikakumbatia ekseli, nati zikashikwa kwa mkono. Fundi alikataa kuzikaza zote hewani. Alisema chuma lazima kionje uzito wake kwanza. Walirudisha gurudumu, wakaondoa magogo, wakashusha jeki taratibu, gari likakaa, ndipo akalala chini akakaza moja baada ya nyingine mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Alipomaliza alirudi nyuma hatua kumi, akafumba jicho moja.

"Sasa simama hapa uone, binti."

Gari lilikuwa limesimama sawa, kama mwanafunzi mgeni siku ya kwanza ya gwaride. Halikuinama upande wowote. Halikuwa linasikiliza siri ya mtu. Lilikuwa limependeza, na lilionekana kama gari la watu wengine.

Fundi alipakia kisanduku chake, akaaga, akaenda. Springi zile mbili kuukuu zilibaki ukutani, moja na mgongo wake, nyingine imelala.

Gorata alijiambia kwamba hatakwenda. Saa kumi kasorobo alikuwa ndani ya minyaa. Hakujua anatafuta nini. Labda springi mpya nazo zina sauti yao, labda zitaanza kulia zikizoea. Alipanda bampa ncha ya kushoto. Gari likashuka kidogo, likapanda, laini, kimya, kama kichwa kinachokubali jambo. Alikandamiza tena, na tena. Hakukuwa na kitu ila upepo.

"Sema hodi," sauti ilisema kutoka ndani ya gari.

Gorata aliganda. Babu alikuwa ameshakaa kwenye kiti cha dereva. Ukosi wa koti lake la baridi ulionekana kupitia kioo cha nyuma, na juu ya dashibodi kulikuwa na vikombe viwili.

"Toka huko, utomvu utakupofusha."

Alitoka, mkono wa sweta umeganda utomvu mweupe, majani kichwani. Alisimama karibu na mlango wa kushoto. Babu alikuwa bado anatazama mbele.

"Hakuwahi kuingia mahali bila hodi," Babu alisema. "Hata humu. Gari lake mwenyewe. Anafungua mlango, anasema hodi, anasimama hapo ulipo, na mvua inanyesha, mpaka nimjibu karibu. Ndipo anapanda, ndipo springi inalia. Nyinyi mlikuwa nyuma na mbuzi, mtasikia wapi?"

Gorata alitoa jani kichwani.

"Siku ile ya kwanza nilisikia springi, nikaweka maji motoni. Sikufikiri kitu. Mikono ilikwenda yenyewe. Nikamtengenezea chai yake. Nikaja nikakaa, nikangoja hodi." Alikizungusha kikombe chake mikononi. "Sijui nilingoja muda gani."

Ulimi wa Gorata ukakumbuka kabla yeye hajakumbuka. Chai ile chungu ya Jumatatu. MmaTebogo hakuwa ameonja sukari kwa miaka tisa.

"Na siku ya pili?" aliuliza.

"Siku ya pili nilitia sukari. Vijiko vinne. Utaoza meno."

Mbuzi mwenye pembe moja alikuja akanusa gurudumu la gari lililosimama sawa, akaona halina maana.

"Mbona hukuniita tu, Babu?"

"Mezani una kazi. Unahesabu kitu, midomo inacheza, sijui nini. Nikaona huyu mtoto hunisikiliza akiwa ndani ya minyaa. Basi, nikasema, akae kwenye minyaa."

"Nilikuwa nahesabu maneno yako."

Babu alifikiri. "Mangapi?"

"Kumi na moja. Kwa siku nzima."

"Pamoja na ya mbuzi?"

"Pamoja na ya mbuzi."

Babu alitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyesomewa uzito wake kwenye mizani na kukuta umepungua kuliko alivyodhani. Kisha akainama, akanyoosha mkono juu ya kile kiti cha kushoto, akasukuma mlango kutoka ndani. Ukafunguka.

Gorata aliangalia kiti. Ngozi yake ilikuwa imebonyea katikati, bonde pana, na humo hakuna springi mpya iliyofika.

"Hodi," alisema.

Jibu lilichelewa. Babu alikuwa anatazama mbele.

"Karibu."

Alipanda. Gari halikulia. Chai ilikuwa ya moto bado. Gorata aliona kwamba wakati umefika wa kutoa taarifa rasmi, akakaa wima, akasafisha koo.

"Baraza la Wadhamini," alianza, "limekutana, na kwa masikitiko makubwa linapenda kuujulisha umma..." Likamwishia hapo. Akaangalia kikombe. "Ni mimi, Babu. Springi nilikuwa mimi. Nati ni mimi. Chai yote nilikunywa mimi."

"Na mkia wa jogoo?"

Gorata aliangalia dirishani. Jogoo alikuwa anapita uani kwa madaha, nyuma yake kote buluu ya wino wa shule.

"Huo pia."

"Nimeishi naye hivyo wiki nzima. Nilidhani ni macho yangu."

Walikunywa. Babu alisema kesho wazee watakuja mapema, kuna kuni za kupasua. Alisema Jumapili watahitaji mtu wa kufungua mageti, na ng'ombe wakimkataa, basi huenda wakaisikia sauti ngeni ya mjukuu kwanza, wakasogea kwa udadisi. Aliongea na kioo cha mbele kama kawaida. Gorata hakuhesabu.

Alikuwa na jambo moja bado. Lilikuwa dogo, na lilikataa kuvaa maneno makubwa, alijaribu likakataa.

"Lakini ile ya kwanza," alisema. "Sikutaka udhani ni Bibi. Sikujua kama utadhani. Nilitaka utoke nje unifokee."

Babu aligeuka akamwangalia.

"Basi," alisema Gorata. "Hilo tu."